Chuma Ndani ya Maziwa ya Ngamia

Mama yangu haamini mtu. Nasema hivi kwa mapenzi, maana nimetoka tumboni mwake na mimi pia siamini. Akinunua sukari anaionja dukani mbele ya mwenye duka. Akiambiwa gari linaondoka sasa hivi, anauliza, sasa hivi ya nani? Ukimsalimu kwa furaha iliyozidi atakujibu vizuri, tena kwa tabasamu, halafu ukishapiga kona atanigeukia na kuniuliza, "Huyu anataka nini?" Kwa hiyo maziwa yake yaliposemwa yametiwa maji, sikushangaa kuona ameanza kumshuku kila mtu. Nilishangaa alikoishia.

Mama anauza maziwa ya ngamia hapa Isiolo mjini. Ngamia wenyewe aliachiwa na marehemu baba yake, lakini haishi nao. Wanachungwa na ndugu yake mdogo, abuya wangu. Ndivyo sisi Waborana tunavyomwita mjomba. Abuya anakaa fora, huko mbali mifugo inakofuata malisho, na kila asubuhi anakamua, anajaza jerikeni, anaituma mjini kwa pikipiki. Jerikeni ya mama ina kitambaa chekundu kilichofungwa shingoni ili isichanganywe na za wengine. Akina mama wanakutana kibandani kwao, maziwa yanapimwa, yanamiminwa kwenye makopo makubwa, yanapandishwa basi la Nairobi. Anayepima ni mwenyekiti wao. Ana kile kioo chembamba kinachoelea ndani ya maziwa: kikizama kupita kiasi, basi kuna maji.

Ulipoingia ukame, kioo kilizama ndani ya jerikeni ya kitambaa chekundu. Kesho yake kikazama tena.

"Wewe mama, kwani ngamia wako wananyeshewa peke yao?" mwenyekiti akauliza, na kibanda kizima kikacheka. Kisha akasema, bila kucheka, kwamba jerikeni hiyo itakaa kando mpaka ijulikane nani anaongeza maji.

Mama alirudi nyumbani amefura. Akampigia abuya simu, akaweka sauti ya juu ili nisikie. Sasa hapa lazima nieleze jambo moja. Pale sokoni kuna maneno ya mwizi, kila mtu anayajua. Ukimkamata mtu na maziwa mepesi, atakwambia, "Wallahi si mimi, ngamia mwenyewe ametia maji." Watu wanaangua kicheko hata kabla hajamaliza. Ni sawa na mwanafunzi wangu anayeniambia kwamba mbuzi amekula daftari lake.

"Maziwa ni nyepesi kwa nini?" mama akauliza.

Upepo ulisikika kwenye simu. "Dada," abuya akasema, "ni ngamia. Wanakaa na kiu siku nyingi. Wanatia maji wenyewe."

Mama akakata simu. Akanitazama kana kwamba ni mimi niliyesema.

"Umesikia? Hata uongo mpya ameshindwa kutafuta!"

Nilimtetea, nikasema labda ni yule kijana wa pikipiki, labda ni mwenyekiti mwenyewe. Mama akasema kijana wa pikipiki anabeba jerikeni za watu wengine na hao hawajalia. Watu wengine ngamia wao walikuwa Burat, karibu na mto. Wetu tu ndio walikuwa mbele ya Gotu, kwenye mawe, kwa sababu abuya alikuwa amewaondoa mtoni kuogopa wezi wa mifugo. Ndivyo alivyosema. Mama sasa alianza kuyatazama hata hayo kwa jicho jingine: kwa nini akae mbali na watu? Anaficha nini huko? Kikulacho ki nguoni mwako, akawa anasema akipika, anasema akifua, mpaka nikachoka na hizo nguo.

Akaamua. Ijumaa baada ya swala, ndugu wangeitwa, ngamia wangeondolewa kwa abuya na kupewa mchungaji wa kulipwa. Mtu asiyetujua anaweza kuona ni jambo la kawaida, mwenye mali amebadilisha mchungaji. Sivyo. Kumnyang'anya ndugu yako mifugo mbele ya watu ni kumwita mwizi kwa sauti, na baada ya hapo hakuna mtu atakayemkabidhi hata mbuzi. Abuya hakuwa na kazi nyingine wala hakuitaka. Alikuwa amezeeka nyuma ya ngamia hao. Niliogopa kweli, niliogopa mpaka chakula kikanishinda.

Na mimi hapo nilikuwa na mashaka yangu mengine. Ninafundisha hesabu shule ya sekondari, na wakati ule nilikuwa namalizia shahada ya pili. Utafiti wangu ulihusu jinsi kioevu chenye mnato kinavyokwenda kando ya kitu kinachozunguka. Inatisha kwa jina tu. Chukua uji, tia mwiko katikati, uzungushe pale pale. Uji uliogusa mwiko unakwenda na mwiko. Uji uliogusa sufuria haujali, umetulia. Hapo katikati, kila tabaka linavutwa na jirani wa ndani na linamvuta jirani wa nje, na kila mmoja anamchelewesha mwenzake. Uji ukiwa mzito, mwiko unachoka. Ukiwa mwepesi, mwiko unapita kirahisi. Kazi yangu ilikuwa kuuandika mvutano huo kwa milinganyo, ili ukijua kasi ya mwiko na nguvu inayouzungusha, uweze kusema kioevu hicho kina mnato kiasi gani hata kama hukioni.

Milinganyo ilikubali. Lakini ili ikubali lazima uanze kwa kuomba ruhusa nyingi. Tuchukulie kwamba silinda ni ndefu isiyo na mwisho. Tuchukulie kwamba joto ni moja kila mahali. Tuchukulie kwamba mzunguko ni wa polepole na kioevu hakivurugiki. Siku moja nilikuwa nayasoma hayo kwa sauti, mama akipepeta mchele kando yangu.

"Mnachukulia mambo mengi," akasema. "Na uji wenyewe umeitikia?"

Msimamizi wangu chuoni naye alikuwa wa ukoo huo huo wa mama, ukoo wa wasioamini. Alisema namba zangu ni nzuri mno, akauliza nimezitoa wapi, akataka kukiona kwa macho yake kitu kinachozunguka. Basi nikaenda kwa fundi wa jua kali, akanichongea silinda ya chuma, nyembamba, laini, inayosimama kwenye ncha ya sindano ndani ya kopo. Juu yake kuna kigurudumu kilichozungushiwa uzi, na mwishoni mwa uzi kuna kijiwe. Ukikiachia, kijiwe kinashuka, silinda inazunguka. Kioevu kizito, kijiwe kinashuka kwa kusitasita. Kioevu chepesi, kinashuka mbio. Nilikuwa nakijaribu uani, maji, mafuta, maziwa ya duka, mpaka jirani yetu mwenye duka, mama Mmeru mwenye heshima zake, akaja langoni na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Habari, mwalimu? Nisamehe lakini, unapika pombe?"

Mama alikuwa amekitazama chuma hicho miezi yote bila kusema neno. Jumatano kabla ya ile Ijumaa alikuja akasimama mbele yangu.

"Hiyo chuma yako inajua maziwa?"

"Inajua mnato, Mama."

"Kama imewekwa maji?"

"Itazunguka haraka zaidi."

"Sawa. Ile kioo ya mwenyekiti inalala kwa mwenyekiti. Hii inalala kwangu. Utakuja nayo."

Nilikubali kwa sharti moja. Sikutaka kupima jerikeni peke yake, maana jerikeni ilikwisha kuhukumiwa. Nilitaka maziwa mawili: yale yaliyofika mjini na yale yanayotoka kwenye kiwele mbele ya macho yetu. Yakiwa sawa, hakuna aliyeongeza kitu. Ya jerikeni yakiwa mepesi zaidi, basi mtu ametia maji, na mama afanye anavyotaka Ijumaa yake. Mama alifikiri, akatafuta mtego ndani ya maneno yangu, hakuuona, akakubali. Lakini abuya asiambiwe kwamba tunakuja.

Kesho yake pikipiki ilipofika, mama aliipokea jerikeni barabarani, hakuiacha hata ifike kibandani. Tukakodi gari, tukaenda nayo. Aliipakata njia nzima. Dereva alipotaka kuiweka nyuma, mama alimwambia, "Hapana baba, tunaongea nayo."

Tulifika alasiri ikielekea jioni, wakati ngamia wanarudi. Nilikuwa sijawaona kwa muda, na moyo ulinishuka. Nundu zimelala, ngozi imeshika mbavu. Abuya alikuja akitembea haraka, akidhani tumeleta habari ya msiba.

"Salaam aleikum. Kuna nini? Ni salama?"

"Aleikum salaam. Salama," mama akasema, akiangalia mapipa ya maji.

Abuya aliona kopo mkononi mwangu, akaona jerikeni na kitambaa chake chekundu, na nadhani alielewa hapo hapo. Lakini adabu ni adabu. Alituletea maziwa, kwa sababu mgeni wa fora anapewa maziwa kabla ya kuulizwa neno. Mimi nikapokea, nikanywa. Mama akakisukuma chombo kwa kiganja.

"Nitakunywa nikishapima," akasema.

Huo haukuwa mzaha. Kukataa maziwa ya fora, tena ya ndugu yako, tena mbele ya mtoto wako, afadhali ungemtemea mate. Abuya alibaki ameshika chombo. Kisha akayanywa mwenyewe, polepole, akafuta midomo, akasema, "Haya. Pimeni."

Mama alikuwa amebeba gorfa yake, kile chombo chetu cha kusukwa, kimefukizwa moshi, kikavu. Akakigeuza chini juu ili tuone hakina hata tone. Abuya akamleta ngamia mmoja na ndama wake, akamwacha ndama anyonye mpaka maziwa yakashuka, akasimama kwa mguu mmoja, gorfa juu ya paja, akakamua. Mama alisimama karibu naye mpaka kichwa chake kikawa karibu kugusa tumbo la ngamia. Hakutazama maziwa. Alitazama mikono.

Nikajaza kopo. Nikaachia kijiwe. Kikashuka mbio.

"Maji!" mama akapiga kelele. "Si mmeona? Maji!"

Abuya akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kibaya. "Dada, nimekamua mbele yako. Hiyo maji nimeificha wapi?"

Na mama, Mungu amsamehe, akamshika mkono akamkunjua mikono ya shati. Mmoja, halafu wa pili. Alikagua mpaka kwapani. Abuya alimwachia, ameinua mikono kama mtu anayepimwa nguo. Nilitamani ardhi inimeze, si kwa ajili yangu, kwa ajili yao.

"Mama, subiri!" nikasema. "Bado ni ya moto!"

Maziwa yaliyotoka kwenye kiwele yana joto la mwili, na kioevu cha moto kinalegea, mnato unapungua. Ile "tuchukulie kwamba joto ni moja" haikuwa mapambo. Nikatumbukiza kopo na chombo cha maziwa ya jerikeni ndani ya beseni moja la maji, nikaweka kipimajoto nilichoazima maabara ya shule, tukakaa kungoja yalingane. Ngamia walikuwa wakicheua. Mama alikaa upande mmoja wa beseni, abuya upande wa pili, na kila mmoja alikuwa akilichunga beseni dhidi ya mwenzake.

Hapo ndipo nilipoanza kujishuku mimi. Nilimpenda abuya. Ndiye aliyenibeba mabegani nilipokuwa mdogo, ndiye aliyenifundisha kuhesabu, kwa kwato za ngamia. Nilitaka awe msafi, na mtu anayetaka jibu fulani huwa na mkono mzito au mwepesi pale pale unapohitajika. Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Sijawahi kuipima, lakini nilihofia yangu. Basi nikasema sitagusa. Mama akashika simu ya kupima muda. Abuya akashika uzi. Mimi nikaweka mikono nyuma.

Jerikeni kwanza. Abuya akaachia, mama akabonyeza. Kisha ya kiwele. Abuya akaachia, mama akabonyeza. Akatazama simu. Akasema turudie. Tukarudia. Akasema sasa yeye ashike uzi na abuya ashike simu. Wakabadilishana. Halafu akasema huenda chuma kimezoea, tukakiosha, tukakifuta kwa khanga yake, tukarudia tena. Maziwa yale mawili hayakuachana. Tofauti iliyokuwepo ilikuwa ndogo kuliko ile ninayoipata nikipima maziwa yale yale mara mbili. Na yote yalikuwa mepesi, mepesi kuliko ya Burat niliyowahi kupima kwa joto hilo hilo. Yalikuwa mepesi ndani ya ngamia kabla mkono wa mtu haujayafikia.

"Mama," nikasema, "hakuna aliyetia maji. Ni ngamia."

Nilifurahi mpaka sauti ikanitoka juu. Nilidhani na wao watafurahi. Mama aliendelea kuitazama simu, kana kwamba nayo imehongwa.

"Nilikwambia kwa simu," abuya akasema.

"Ulisema maneno ya wezi."

"Mwizi akisema jua ni kali, jua litapoa?"

Mama akanyoosha mkono kwenye gorfa, akataka kunywa sasa. Abuya akaiondoa, si kwa nguvu, akaenda kuyamimina mbele ya ndama.

"Hiyo chuma umeijua lini?" akamuuliza mama, mgongo umetugeukia. "Mwaka jana? Mwaka huu? Mimi umenijua tangu nilipozaliwa, ulinibeba mgongoni. Umeamini chuma." Kisha akasema Ijumaa waje tu, wachukue ngamia, yeye hana shida.

Ijumaa hawakuja. Mama aliwapigia simu ndugu wote njiani tukirudi, akawaambia hakuna kikao, na walipouliza kwa nini akawaambia mambo ya nyumba yake yanawahusu nini. Jumamosi alienda kibandani na mimi, na chuma, na nikapima mbele ya wote. Nilieleza uji na mwiko mpaka koo likakauka. Mwenyekiti alisikiliza, akauliza maswali makali, akasema basi wote waliowahi kuchekwa kwa maneno yale waombewe dua. Jerikeni ikarudi mahali pake, kwa sharti kwamba maziwa yake yahesabiwe ya kiangazi. Msimamizi wangu naye alipitia ile sura ya majaribio, akaandika pembeni swali moja tu: kwa nini ngamia?

Lakini abuya hakuingia tena nyumbani kwetu. Maziwa alituma kama kawaida. Akija mjini alisimama nje ya lango, anasalimu, anauliza hali, anasema ana haraka. Haraka ya nini, mtu wa fora? Mama alimpikia chai kila mara, na kila mara chai ilipoa. Alianza kusema abuya ana kiburi. Halafu akaacha kusema. Jioni nilimkuta ameketi na kile chuma mkononi, anakizungusha kwa kidole bila kioevu chochote.

Mvua zikaja, na zikaja kwa hasira. Ngamia walikunywa, majani yakaota mpaka kwenye mawe ya Gotu, na maziwa ya kitambaa chekundu yakawa mazito, kijiwe kikashuka kwa kusitasita. Siku moja abuya alifika langoni na mvua ikamkuta hapo hapo, kubwa, ya kupiga mtu. Alitaka kukimbilia dukani kwa jirani. Mama akatoka bila mtandio wa maana, akamshika mkono wa shati, akamvuta ndani kama mtoto.

Akamkalisha. Akamletea chai. Abuya aliipokea, akaiweka chini, hakuinywa. Tulikaa tukiitazama. Kisha akanigeukia.

"Ile chuma yako iko wapi?"

Nikamletea. Akaitumbukiza silinda ndani ya kikombe, akaizungusha kwa vidole, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. Akazungusha tena.

"Inaenda mbio sana," akasema. "Dada, hapa kuna mtu ametia maji."

Nilitaka kucheka. Nikamwona mama, kicheko kikaniishia.

"Ni chai," mama akasema. Sauti ilikuwa ndogo, si yake. "Chai lazima iwe na maji."

"Ndiyo maneno ya wezi hayo," abuya akasema.

Mama akasimama. Akachukua kikombe, akaenda kukimwaga mlangoni kwenye mvua, akaingia jikoni. Alikaa huko muda mrefu. Mabati yalipiga kelele kwa mvua. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na hakusingizia moshi. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili. Chai yake ilikuwa ya maziwa matupu, imechemshwa bila tone la maji, na utando juu.

"Hii sijatia," akasema. "Pima."

Abuya alikuwa bado na chuma mkononi. Akakitazama, akaniwekea mimi magotini, akapokea kikombe kwa dada yake, akanywa.